Kijiti Kilichosemwa Kimekufa

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia habari zake ilikuwa nyumba ya amani. Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia msiba wa mtu, haraka huanza kutafuta ubaya wake. Hawa hawakuwa wabaya. Walikuwa mama na watoto wake wawili waliopendana sana, na balaa lililowapata liliingia kwa mlango huohuo wa mapenzi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake: cherehani karibu na dirisha, pasi mezani, mashati yaliyokatwa lakini hayajashonwa yamerundikwa kwenye kiti ambacho hakuna mgeni aliyewahi kupata nafasi ya kukikalia. Upande wa pili wa meza alikaa binti yake mkubwa, mwalimu wa fizikia katika sekondari ya jirani, ambaye kila asubuhi alimalizia kusahihisha madaftari huku chai yake ikipoa. Alikuwa msichana mpole, mwenye sauti ndogo. Darasani wanafunzi wa nyuma walikuwa wakimwambia, "Mwalimu, ongeza sauti kidogo," naye huongeza kidogo kweli, kidogo tu.

Na kila asubuhi ilikuwa vilevile. Mama hukata uzi kwa meno, huinua sindano usawa wa dirisha, hufumba jicho moja, na uzi hupita mara ya kwanza. Bila miwani. Kisha husema, bila kumtazama mtu, "Bado nipo."

"Tunakuona, Mama," binti hujibu bila kuinua kichwa.

Asubuhi moja, msimu wa kufungua shule, mwalimu alisikia uzi ukikatwa, akasubiri. Hakusikia neno. Alichosikia ni sindano ikianguka sakafuni. Akainua kichwa. Mama alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama kitu cha jirani kilicholetwa kwake kwa makosa.

"Vipi, Mama?"

"Hamna kitu. Kidole tu kimekataa."

"Kimekataaje?"

"Sindano nimeishika, lakini kidole hakijui kama kimeshika."

Mwalimu akazunguka meza, akaushika ule mkono. Ncha ya kidole gumba ilikuwa nyekundu na imevimba, na katikati palikuwa na lengelenge la duara, duara zuri kabisa, kama limepigwa muhuri.

"Umeungua."

"Labda pasi."

"Pasi haichomi duara, Mama."

"Basi itakuwa pasi yangu nayo imesoma, kama nyinyi." Mama akacheka, akakifunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akavuta shati lililofuata. Akachukua kijiti chake, akaanza kusukuma kona za kola.

Hebu nikielezee hicho kijiti. Kilikuwa cha chuma kisichoshika kutu, urefu wa kalamu. Mwisho mmoja ulikuwa mwembamba, na mwisho wa pili ulikuwa na kijisahani cha rangi ya fedha, kimebonyea katikati. Karibu na kijisahani palikuwa na duara la plastiki nene, ambalo mama alilichomoa siku ya kwanza kwa sababu lilimzuia. Fundi yeyote atakwambia kwamba kola ikishageuzwa, kona zake lazima zisukumwe kutoka ndani ili zitoke kali. Wapo wanaotumia mkasi wakatoboa shati la watu. Mama aliingiza ule mwisho mwembamba ndani ya kola, kidole gumba akakiegemeza kwenye kijisahani, akasukuma.

"Utadhani kilipimwa kwa kidole changu," aliwaambia wateja. "Kaniletea Profesa wangu, kutoka kazini."

Profesa alikuwa mwanawe wa mwisho. Hakuwa profesa wa chuo chochote. Alipewa jina hilo na mama yake alipokuwa darasa la nne, siku aliyorudi na cheti cha mwanafunzi bora wa hesabu. Mtaa mzima ulilishika jina. Ni fundi viatu tu, jirani aliyekuwa na kibanda mlangoni pao, aliyekuwa akiguna. "Profesa gani huyu, hata kamba za viatu anafungiwa na dada yake!" Watu walicheka. Mama hakucheka, na viatu vyake akawa anavipeleka kushonwa mtaa wa pili.

Lakini fundi viatu alikuwa ameona sawasawa. Hesabu zilizoleta kile cheti zilifanywa na dada mtu. Ilianza kidogo kidogo, jinsi mambo ya nyumbani yanavyoanza. Mtoto ameshindwa swali, machozi yanamlengalenga, chakula kinapoa. Mama anasema kwa upole, "Mfanyie mwenzio, mwanangu. Yeye moyo wake mwepesi." Na dada, ambaye hakujua kumnyima mtu kitu, anavuta daftari. Mama humpapasa kichwani akipita. Mkono ule kichwani ulikuwa mtamu, nao ulikuja siku za namna hiyo tu.

Wakakua hivyo. Mmoja akajifunza kila kitu mara mbili, mwingine hakujifunza hata mara moja. Hata alipokwenda chuo cha ufundi wa tiba, kule wanakofundishwa kupima macho na kutumia mionzi, maswali yalikuja kwa simu na majibu yalirudi kwa simu. Yapo yaliyohusu mnururisho wa beta, aina mojawapo ya mionzi. Likizo moja mwalimu alijaribu kumwelewesha. Alichukua kipande cha kitambaa cha mama, akakikunjua mezani.

"Nusu-maisha ni muda ambao nusu ya kitu inakuwa imegeuka. Nakata nusu, natupa. Muda uleule ukipita tena, nakata tena nusu. Kimebaki nini?"

"Hakuna," alisema Profesa, macho yake yako kwenye simu. "Nusu na nusu imeisha yote."

"Robo, mdogo wangu. Unakata nusu ya kilichobaki, si nusu ya kitambaa kizima."

"Sawa. Dada, nipe jibu tu, kesho natakiwa kukusanya. Maelezo utanipa siku nyingine."

Alimpa jibu. Hiyo siku nyingine haikupangwa.

Na sasa sikilizeni lililotokea wiki chache kabla ya ile sindano kuanguka, maana hapa ndipo palipoharibika.

Profesa alikuwa ameajiriwa katika kliniki ya macho. Zamani kliniki ile iliwatibu kwa mionzi watu walioota kinyama juu ya jicho: kijiti chenye strontiamu, madini yanayotoa mionzi, kwenye kijisahani chake hugusishwa jichoni kwa sekunde chache, basi, kinyama hakirudi tena. Matibabu hayo yaliachwa, na kijiti kikabaki kwenye sanduku lake kabatini kwa miaka mingi. Mwaka ule wakataka kulivunja lile kabati. Mganga mkuu, mzee mwenye haraka zake, akamwita Profesa.

"Kijana, wewe ndiye uliyesomea haya. Kitu hiki bado kina nguvu au kimekufa? Kama kina nguvu tuwaite wa serikali waje wakichukue, na hao wakija ni makaratasi mpaka mwaka uishe. Kipimo chetu ni kibovu. Piga hesabu unipe jibu leo."

Kulikuwa na jibu moja la kweli ambalo Profesa angeweza kulitoa pale, nalo ni fupi. Hakuwahi kulisema maishani mwake. Badala yake alisema, "Ondoa wasiwasi, Daktari," akatoka nje, akampigia dada yake.

Mwalimu alikuwa katika chumba cha walimu, kalamu nyekundu mkononi. Kengele ilikuwa imeshaanza kulia.

"Dada, itriamu tisini nusu-maisha yake ni kiasi gani?"

"Saa sitini na nne. Kwa nini?"

"Basi tu. Nilikuwa najikumbusha. Asante, Dada, wewe ni maktaba."

Akakata simu. Mwalimu akatabasamu, akakusanya chaki zake, akaenda darasani. Alikuwa amejibu sahihi. Ndugu zangu, baadaye alilirudia jibu hilo mara nyingi peke yake, akilipima huku na huku, na kila mara lilikuwa sahihi. Hakuuliza swali la pili, basi. Alishazoea kutouliza.

Profesa alikumbuka, kwa mbali, mstari mmoja wa jibu alilonakili chuoni: kwamba miale mikali inayotibu jicho haitoki kwa strontiamu yenyewe, inatoka kwa itriamu. Hilo ni kweli. Akahesabu: saa sitini na nne ni siku mbili na ushee. Kijiti kimelala kabatini miaka. Kila siku mbili na ushee nusu inakwenda, na nusu ya nusu, na nusu ya hiyo. Mwezi mmoja tu, hakibaki hata cha kufikia sehemu moja ya elfu. Safari hii aliikata ile robo vizuri kabisa. Akarudi kifua mbele.

"Kimekufa zamani, Daktari."

"Basi katupe."

Sanduku lenye alama ya onyo likaachwa juu ya rundo la mbao. Kijiti chenyewe aliona kinang'aa, akakifikiria kidole cha mama yake kikisukuma kola kwa kipande cha mti. Akakitia mfukoni. Alikitoa kwa mapenzi, na mama alikipokea kwa mikono miwili.

Lengelenge lilipasuka, kikatoka kidonda. Kidonda hakikukauka. Mama alikipaka hiki na kile, akakificha kwa kitambaa, akaendelea na mashati kwa sababu shule zilikuwa zimekaribia kufunguliwa na kiti kilikuwa bado kimejaa. Nyama ya ncha ya kidole ikaanza kuwa nyeusi. Maumivu yakawa yanamfanya asimame ghafla katikati ya mshono, azunguke chumba, akae tena. Hatimaye mwalimu alimchukua kwa nguvu, kama alivyoweza yeye kutumia nguvu, yaani alilia mpaka mama akavaa viatu.

Daktari wa ngozi alikitazama kidole kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa makamo, haongei ovyo.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Unashika dawa yoyote? Asidi? Betri?"

"Nashika mashati ya watoto."

"Hili si la moto. Moto ungeuma siku ileile. Hili lilianza lini kuuma?"

"Liliwasha kwanza. Kuuma kulikuja baadaye, wiki kadhaa. Tangu msimu uanze, tangu nianze zile kola."

Daktari akamgeukia binti. "Nyumbani kuna mtu anayefanya kazi na mionzi?"

Mwalimu alifungua mdomo kusema hapana. Kisha akakiona kidole kile, lile duara, na kwa mara ya kwanza akakiona na kijisahani kinacholingana nalo. Akasikia kengele ya shule. Akasikia sauti ya mdogo wake: Basi tu, nilikuwa najikumbusha. Akashika ukingo wa meza ya daktari.

"Strontiamu," alisema, kwa sauti ndogo mno hata daktari akamwomba arudie.

Siku ileile mtaalamu wa serikali alifika na kipimo chake. Mwalimu alikuwa ameshamtoa kila mtu ndani na kukifunika kijiti kwa beseni zito la plastiki, akitumia koleo la mkaa na mkono ulionyooshwa mpaka mwisho. Mtaalamu alipolifunua beseni, kipimo kilianza kutatarika hadi fundi viatu akasimama nje kibandani kwake. Mtaalamu akaletewa lile duara la plastiki kutoka kopo la vifungo la mama, akalirudisha mahali pake. Kelele zikapungua mara moja. Kipande cha plastiki cha kipenyo cha kifuniko cha chupa, kile mama alichokichomoa kwa sababu kilimzuia.

"Kuna aliyesema kimekufa," mtaalamu alisema. "Kimetengenezwa miaka kama thelathini iliyopita. Kina nusu ya nguvu zake. Nani alisema?"

Profesa alikuwa amesimama mlangoni, bado amevaa koti jeupe la kazini.

"Nilipiga hesabu," alisema. "Saa sitini na nne. Mwambie, Dada. Wewe ndiye uliyenipa sitini na nne."

"Uliniuliza itriamu."

"Na si ndiyo inayochoma?"

"Ndiyo inayochoma. Lakini inatoka wapi?" Mwalimu akasogea mbele yake. "Ndani ya kiini cha strontiamu, nyutroni moja inageuka kuwa protoni, inarusha elektroni nje, hiyo ndiyo beta. Namba ya atomu inapanda moja, thelathini na nane inakuwa thelathini na tisa. Hapo itriamu imezaliwa. Nayo inarusha beta yake, kali zaidi, inatulia. Sasa fikiria ndoo inayovuja. Saa sitini na nne, nusu ya maji imekwenda. Lakini ndoo iko chini ya bomba, na bomba liko wazi. Bomba ni strontiamu. Nusu-maisha yake ni karibu miaka ishirini na tisa. Wewe umehesabu ndoo, bomba hukulitazama. Nilikuandikia haya yote! Uliyanakili kwa mkono wako!"

"Niliyanakili," alisema Profesa.

"Na ulielewa?"

Profesa akageukia nje, akautazama mkono wa mama uliofungwa bandeji, akasema, "Kwa nini hukuniuliza ninaihitaji ya nini?"

Mwalimu akakaa kwenye kile kiti cha mashati, juu ya mashati.

Kidole hakikuokoka. Gumba lilikatwa lote, na ngozi ya ncha ya kidole cha shahada, kilichokuwa kikishika kijiti karibu na kijisahani, ikabanduliwa, pakawekwa ngozi ya paja. Mashati yalimaliziwa na fundi mwingine. Wateja walikuja kuchukua vipande vyao, wakisema pole, wakiondoka upesi, kwa maana habari ilikuwa imezagaa kwamba nyumba ile ina mionzi na ukikaa sana utapukutika nywele. Haikuwa kweli. Kijiti hakikuwa kimepasuka, nacho kilikuwa kimechukuliwa. Lakini nani angewaeleza? Cherehani ikafunikwa shuka. Ni fundi viatu peke yake aliyekuwa akiingia kila asubuhi, anakaa, hasemi utani wowote, anaondoka.

Asubuhi moja mwalimu alitoka chumbani akamkuta mama ameketi dirishani. Alikuwa ameibana sindano kati ya vidole viwili vya pembeni vya mkono wa kulia, uzi uko kushoto. Uzi ulipita kando. Ukapita kando tena. Mama alipogundua kwamba anatazamwa, aliichomeka sindano kwenye pazia, akaomba chai. Lile neno lake la asubuhi hakulisema, na binti hakuthubutu kumsemea.

Kisha akaja Profesa. Alikuwa amesimamishwa kazi. Tume ya serikali inayosimamia mionzi ilikuwa imempa siku aeleze kwa maandishi, kwa mkono wake mwenyewe, alivyopiga hesabu na wapi alikosea. Kama angeonyesha kwamba sasa anaelewa, angeweza kurudishwa chuoni akaanze upya. Kama sivyo, ndio mwisho, na huenda polisi wangehusika. Alikuwa amekonda. Alisalimia, akakaa, akaisukuma karatasi tupu na kalamu mpaka mbele ya dada yake.

"Dada," alisema. "Niandikie tu vizuri. Mimi nitanakili."

Mwalimu aliitazama ile karatasi. Mkono wake ulikwisha kuanza kwenda. Mnaelewa, ndugu zangu? Baada ya yote yale, mkono ulikwenda wenyewe.

"Mfanyie mwenzio, mwanangu," mama alisema kutoka dirishani, kwa upole wa siku zote. "Unaona alivyo. Moyo wake mwepesi." Akainuka, akapita nyuma ya kiti cha binti yake, akampapasa kichwani. Mkono ulikuwa na vidole vinne. Mwalimu alihisi pengo lilipo, pale gumba lilipokuwa likipita juu ya sikio lake tangu utotoni.

Akauondoa mkono wake kwenye kalamu.

"Hapana, Mama."

"Nini?"

"Simfanyii." Kwa mara ya kwanza hakuna aliyehitaji kumwambia aongeze sauti. "Kila nilipomfanyia, ulinishika kichwa. Nilikuwa namfanyia kwa sababu ya mkono huo. Nikautaka mkono, nikamwacha mtoto wa watu anakua hajui kitu, anavaa koti jeupe hajui kitu, na wewe na mimi tunamwita Profesa. Tazama sasa huo mkono, Mama." Akajifuta machozi. Kisha akaisukuma karatasi mbele ya mdogo wake. "Andika mstari wa kwanza. Mmoja tu. Nipo hapa, siondoki. Strontiamu tisini inakuwa nini?"

Profesa alishika kalamu. Nje fundi viatu alikuwa akigonga kisigino, akaacha kugonga.

FUNZO

Wazazi na ndugu zangu, nitawaambia ninavyoona, ingawa mimi si mtu wa kuwafundisha nyinyi.

Kumfanyia mtoto kazi anayopaswa kujifunza si huruma. Swali unalomjibia leo halipotei. Linamngoja mbele, na siku atakapokutana nalo, wewe hutakuwepo, na huenda aliyelala mbele yake ni mgonjwa, au abiria, au mama yake mzazi. Jibu sahihi mkononi mwa mtu asiyejua lilikotoka linaweza kuua sawa na jibu la uongo.

Majina ya sifa nayo tuyapunguze. Mtoto akiitwa Profesa kabla hajajua kitu, ataona aibu kuuliza maisha yake yote. Tuwafundishe neno moja ambalo katika nyumba nyingi tunalichapia viboko na kulicheka. Lingesemwa mbele ya lile kabati, wa serikali wangeitwa, makaratasi yangejazwa mpaka mwaka uishe, na mama yule leo angekuwa anatunga uzi.

Na ukiona kitu chochote cha chuma kutoka hospitali au kiwandani ambacho hukijui, usikiokote, usikipeleke nyumbani, hata kama aliyekupa anakupenda. Waite wenye vipimo.

Sasa nimalizie pale nilipopaacha.

Profesa alishika kalamu kwa muda mrefu. Wino uliweka doa mwanzoni mwa mstari, doa likakua. Mama alisimama nyuma yake, akainua mkono kama anayetaka kusema tena lile neno la upole, kisha akaushusha. Dada hakumsaidia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kumfanyia.

Profesa akaiweka kalamu mezani.

"Sijui, Dada," alisema. "Sijawahi kujua."